Avoka anatafutwa mbele ya kutia kidole



Kila mwaka mwezi wa tatu ukifika, mambo yanakuwa yale yale Bambu na katika vijiji vya kandokando. Mvua imeanza, mbegu ya maharagi imepanda bei sokoni, mtoto amerudishwa nyumbani ju ya minervali, na mfuko uko mtupu. Njo tunakopa. Wengine wanakopa ku AVEC ya kijiji, wengine ku koopeki ao ku mikrofinansi ya Bunia, na wengi wanaishia kwa yule tunayemwita Banki Lamberi, mwenye kutoa feza leo bila maulizo mengi na kudai mara mbili kisha mavuno.

Kukopa si haya. Mulimaji anakopa sawa vile mchuruzi anakopa, na hata serikali inakopa. Shida ni hii: tunamkumbuka avoka siku ndugu yetu amekwisha kuingia kasho. Siku ile familia inauza mbuzi, inauza baiskeli, inapanda pikipiki kuenda Bunia kutafuta mtu yeyote anayejua Kifaransa cha tribinali. Wakati ule avoka anaweza kidogo tu, na kile kidogo kina bei kali. Sisi tunasema wazi: avoka wa mambo ya deni anatafutwa mbele ya kutia kidole kwenye mkataba, na anayemtafuta asiwe mtu mmoja mmoja, iwe koperative nzima.

Deni peke yake halimfungi mtu

Tuanze na neno ambalo wengi hawajaambiwa. Tangu mwaka 1976 inchi yetu iliingia katika mapatano ya mataifa juu ya haki za raia na za siasa. Artikle 11 ya mapatano yale inasema hakuna mtu wa kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza alichoahidi katika mkataba. Kukosa kulipa mkopo ni mambo ya sivili: mwenye kudai anamwita mdeni mbele ya muamuzi, muamuzi anapima na kukata neno, kisha wisie njo anakuja kutimiza neno lile. Polisi si mtu wa kudaisha feza za watu.

Sasa kwa nini watu wanalala kasho ju ya deni? Kwa sababu mwenye kudai anabadilisha jina la mambo. Haendi kusema "huyu ana deni langu". Anaenda kusema "huyu amekula kitu nilichomwaminisha", ile wanaita abi de konfiansi, artikle 95 ya kitabu cha makosa. Ao anasema "huyu alinidanganya", yaani eskrokeri, artikle 98. Makosa yale yapo kweli, na yanafunga. Lakini kila moja lina vipimo vyake. Aliyepewa magunia kumi ya maharagi ya koperative ayapeleke Bunia, akayauza na kula feza, yule ameharibu kitu alichoaminishwa. Aliyekopa feza, akalima, na mavuno yakakosa, yule ana deni tu, kwa maana feza ya mkopo alipewa aitumie, na alipaswa kurudisha nyingine mahali pake. Tofauti ile inaonekana ndogo mdomoni, lakini ni ukuta kati ya nyumba na gereza. Kuionyesha mbele ya OPJ njo kazi ya kwanza ya avoka.

Kwetu Ituri jambo hili lilizidi uzito tangu mwezi wa tano 2021, wakati état de siège ilipoanza. Kesi za makosa ziliondolewa kwa waamuzi wa raia zikapelekwa ku tribinali za jeshi; kesi za sivili, na deni ni moja yao, zilibaki kwa waamuzi wa raia. Munaona hatari. Kubadilisha jina la deni kulitosha kumtoa mulimaji wa muhogo mbele ya muamuzi wa raia na kumsimamisha mbele ya muamuzi wa jeshi.

Kila memba ajue pia maneno mawili ya Katiba ya 2006. Artikle 18 inasema mtu akikamatwa aambiwe sababu mara moja, na katika luga anayoisikia. Aruhusiwe kuita familia yake na mtetezi wake. Na polisi wasimshike kupita masaa 48 bila kumwachilia ao kumpeleka kwa mwenye mamlaka ya sheria. Artikle 19 inasema ana haki ya mtetezi kwa kila hatua, hata wakati polisi wanaanza kumuuliza. Lakini haki ya kuita mtetezi inakusaidia nini kama huna namba ya mtetezi hata mmoja? Njo maana tunasema namba ile iandikwe ukutani mwa depo ya koperative kabla shida haijafika.

Koperative nayo ni mwenye kudai

Hapa tutasema neno ambalo halitapendeza wote. Makoperative mengi yanakopesha memba mbegu, dawa na feza. Memba akichelewa, komite fulani zinafanya sawa sawa na Banki Lamberi: zinaita polisi, zinamlaza mwenzao kasho, zinasubiri mke wake alete mbuzi. Mara nyingi feza inaingia, ndiyo. Lakini memba yule harudi tena ku mkutano, na ndugu zake wote wanaondoka pamoja naye. Na katika sehemu yetu, ambapo tangu 1999 tumeona vita vikianza na ugomvi wa mashamba, kumfunga jirani ju ya gunia mbili za mahindi ni kucheza na moto.

Koperative yenye avoka inatuma kwanza barua ya kudai yenye tarehe na hesabu. Kisha inakaa na mdeni, inaandika mpango mpya wa kulipa, pande zote mbili zinatia saini. Ikishindikana, inaenda ku tribinali ya sivili. Njia hii ni ndefu kidogo, tunakubali. Lakini inaleta feza bila kuvunja koperative.

Avoka anaona nini katika karatasi

Watu wanasema: "Mkataba ni karatasi moja tu, tutausoma wenyewe." Tuangalie mambo matano ambayo jicho la mulimaji linapita juu yake.

La kwanza ni faida. Tuchukue mfano. Mama mmoja amekopa franga 300 000 mwezi wa tatu, faida ni 30 kwa 100. Yeye anafikiri ni 30 kwa 100 kwa majira yote, basi atarudisha 390 000. Karatasi inasema "kwa mwezi". Kila mwezi ni 90 000. Kwa miezi minne hadi mavuno ni 360 000. Atarudisha 660 000. Neno moja dogo limekula shamba lote. Na tujue kwamba kitabu cha makosa cha Congo kinaadhibu mkopeshaji anayetumia shida ao kutojua kwa mkopaji ili ajipatie faida kupita kawaida. Avoka anaweza kutumia neno lile. Mama peke yake hatathubutu.

La pili ni dhamana ya wengi, ile karatasi inaita caution solidaire. Maana yake mwenye kudai anaweza kumchukua mmoja wenu yeyote na kumlipisha deni lote, si fungu lake tu. Sheria inahesabu kwamba mdhamini amefungwa namna ile, ila kama mkataba ao sheria imesema wazi kinyume. Na sheria ya OHADA juu ya dhamana, iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, inasema mdhamini asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na mashahidi wawili, wenye kuhakikisha kwamba alikuwepo na kwamba alielezwa maana ya anachokubali. Kidole peke yake chini ya karatasi, bila mashahidi wale, ni kitu ambacho avoka atakipinga.

La tatu ni shamba. Mkopeshaji anakuandikisha: "Nikikosa kulipa, shamba langu linakuwa lake." Kufwatana na sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ni ya serikali, na rehani ya kweli inaandikwa ku biro ya konservateri wa ardhi, juu ya ardhi yenye sertifika. Barua iliyoandikwa barazani kwa mkopeshaji haifanyi shamba la mila kuwa lake. Lakini ukiondoka shambani kwa woga, na yeye akaanza kulima, utapigana miaka mingi ili urudi.

La ine ni nani anatia saini. Sheria ya OHADA ya makoperative, ya tarehe ile ile 15/12/2010, ilianza kufanya kazi kwetu kisha Congo kuingia OHADA mwaka 2012. Inaomba koperative iandikishwe katika rejista ya makoperative. Ikiandikishwa, inakuwa mtu mbele ya sheria: inakopa kwa jina lake, na memba anajibu kwa kadiri ya parts alizochukua, ila kama statuts zimesema zaidi. Kama haikuandikishwa, prezida anayesaini anaweza kujikuta amekopa yeye binafsi, kwa nyumba yake na mbuzi zake. Prezida wangapi wanajua hivi wakati wanapiga mhuri?

La tano ni mama zetu. Sheria ya familia ya 1987 ilimlazimisha mwanamke mwenye ndoa kuomba ruhusa ya bwana yake ili ajifunge katika mkataba. Mabadiliko ya 2016 yaliondoa ruhusa ile. Sasa bibi na bwana wanapaswa kusikilizana, wote wawili. Lakini kuna wakopeshaji wanaoendelea kumrudisha mama ju ya "ruhusa ya bwana", na kuna mabwana wanaokopa kwa siri na kuachia mama deni. Avoka mzuri anaita wote wawili mezani mbele ya saini.

Wakati vita vimekula mavuno

Mulimaji wa Djugu ana shida ambayo mkataba wa Bunia haiwazi. Amepanda, kisha watu wenye silaha wamekuja, kijiji kimekimbia, maharagi yameozea shambani ao yamechukuliwa. Sheria yetu ya mikataba, ya tangu 1888, inajua neno force majeure: aliyezuiwa na nguvu isiyoweza kushindwa hatozwi malipizi ju ya kuchelewa kule. Lakini tusidanganyane: mara nyingi feza yenyewe iliyokopwa inabaki kulipwa. Kinachoweza kupatikana ni muda. Sheria ya OHADA juu ya kudaisha inamruhusu muamuzi kusogeza ao kugawanya malipo, ila isipite mwaka mmoja, akiangalia hali ya mdeni na mahitaji ya mwenye kudai.

Ili muamuzi aone hali ile, inatakiwa ushuhuda. Mukikimbia, mara tu munapotulia, ombeni chefu wa lokalite ao wa grupema aandike karatasi yenye tarehe: siku ya shambulio, mashamba yaliyopotea, magunia yaliyochukuliwa. Kisha mwandikieni mkopeshaji mapema. Anayenyamaza miezi sita anaonekana mbele ya muamuzi kama mtu aliyetoroka.

Na mukipokea karatasi kutoka tribinali, msiiweke juu ya dari. Kuna amri ya kulipa, injonction de payer, ambayo muamuzi anaweza kuitoa akiombwa na mwenye kudai, mbele hata ya kukusikiliza. Sheria inakupa nafasi ya kuipinga, lakini nafasi ile ni ya siku chache, si ya miezi, na karatasi yenyewe inapaswa kuitaja. Siku zikipita, amri inakuwa sawa na hukumu. Siku ile ile inapofika, namba ya avoka ipigwe.

Avoka wa kweli anajulikana namna gani

Bunia haikosi watu wenye koti na mkoba wanaozunguka karibu na tribinali wakisema "nitakutengenezea". Wengi si avoka. Sheria ya tarehe 28/09/1979 inatambua aina mbili za watetezi. Kuna avoka, aliyekula kiapo mbele ya Kuur d'apeli na kuandikwa ku Baro, ao ku liste ya stajeri kama bado anajifunza. Na kuna defanseri jidisieri, anayetetea mbele ya tribinali de pe na tribinali de grande instansi. Kwa deni dogo la kijiji, defanseri mwenye ujuzi anaweza kutosha, na mara nyingi yuko karibu zaidi. Zamani kesi za rufaa za Ituri zilienda mpaka Kisangani. Leo Ituri ni provensi na mambo yanamalizikia Bunia. Faida hii tuitumie.

Komite ifanye hivi. Iende ku Baro, iulize kama jina la Metre liko kwenye orodha. Ichukue majina matatu, si moja. Kila mmoja aulizwe: Umeisha kutetea walimaji ao wachuruzi katika kesi za mkopo? Unafanya kazi na mkopeshaji wetu? Kama jibu ni ndiyo, tumshukuru na kupita, kwa maana hakuna anayetumikia mabwana wawili katika kesi moja. Utakuja Bambu, ao barabara ikifungwa utatusikiliza kwa telefone? Utatuelezea kwa Kiswahili? Kiswahili ni luga ya taifa kufwatana na artikle ya kwanza ya Katiba. Hakuna haya ya kumwambia Metre arudie neno mpaka mama wa nyuma kabisa ku mkutano alisikie.

Mwisho, bei. Bei iandikwe: atafanya nini, kwa feza ngapi, italipwa mara ngapi, nani atalipa safari na gharama za tribinali. Kila franga inayotoka iwe na resi. Metre anayekataa kuandika bei yake hatatuandikia vizuri mkataba wetu.

Kwa asiye na kitu, Baro ina biro ya mashauri ya bure. Chukueni karatasi ya umaskini ku mamlaka ya sehemu, mwende nayo, pamoja na mkataba, resi zote, na mesaje za malipo ya telefone. Msizifute mesaje zile. Ni resi pia.

Feza itatoka wapi

Tunasikia jibu tayari: "Avoka ni wa matajiri." Tuhesabu. Koperative ya memba 60, kila mmoja akitoa franga 1 000 kwa mwezi, inapata 60 000. Kwa mwaka ni 720 000. Makoperative matano ya sehemu moja yakiungana, ni 3 600 000. Memba mmoja hawezi kumlipa Metre asome mkataba. Memba 300 wanaweza kusikilizana naye kwa mwaka mzima, aje mara kadhaa mbele ya majira ya kupanda, asome mikataba yote siku moja. Mukitenga feza ya mbegu na feza ya depo, tengeni na ile.

Wengine wanasema: "Chefu anatosha." Tunaheshimu chefu, na mapatano mbele yake, yakiandikwa vizuri, yanaokoa watu wengi. Lakini chefu hawezi kusimamisha amri ya tribinali, na mkopeshaji wa Bunia haji barazani kwake. Wengine wanasema: "Avoka atachochea kesi ili ale." Kuna wa namna ile. Njo maana achaguliwe mapema, kwa utulivu, na mkutano wote, bei ikiwa imeandikwa. Anayemtafuta usiku, ndugu yake akiwa kasho, hachagui: anachaguliwa.

Na wengine wanafikiri avoka ni njia ya kukwepa deni. Hapana. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na sisi tunasimama hapo. Anayekopa alipe, la sivyo mwaka kesho hakuna wa kumkopesha jirani yake. Lakini alipe kile alichokopa na faida aliyoielewa, kwa muda unaowezekana, bila kuuza shamba la watoto na bila kulala kasho kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tunaomba basi kila koperative iweke neno hili katika ordre du jour ya mkutano mbele ya majira yanayokuja: kuchagua watu watatu, mama mmoja asikose, waende Bunia kuulizia Baro na kuleta majina. Na tangu mkutano ule, mkataba wowote usitiwe saini wala kidole kama haujasomwa kwanza na Metre wa koperative.